Saa Uliyoiweka kwenye Inveta

Baba Kulwa,

Mwangaluka. Najua hujibu, lakini hata ulipokuwa hai hukunijibu asubuhi mpaka uende stoo kwanza kuisalimia inveta yako, ile mashine ya umeme wa sola. Mwanaume mzima, taulo begani, anaiambia mashine mwangaluka, halafu mke anakuwa wa pili! Nilikuwa nakasirika kweli. Siku hizi naisalimia mimi, kwa sababu humu ndani hakuna mwingine wa kusalimia.

Nyumba imekuwa kubwa. Tulipoanua tanga, ndugu zako walirudi Ushirombo, Kulwa akarudi kazini Dodoma, na Doto alikaa na mimi kidogo lakini naye ana watoto wa shule huko Mwanza. Nimebaki na kibanda changu cha mchele sokoni na simu yako. Simu yako siizimi. Doto anataka niigawe kama tulivyogawa vitu vyako vingine, nikamwambia humo ndimo ilimo ile programu ya kuangalia betri ya sola, akaniachia. Wewe nakwambia ukweli. Mara nyingine naipigia kwa simu yangu, niisikie ikiita chumbani.

Sasa sikiliza kilichonifanya nikuandikie. Unaukumbuka ule ujumbe uliokuwa ukikuchefua, kwamba inveta inataka kuwekewa programu mpya, na chini yake vitufe viwili, sasa na baadaye? Bado unakuja kwenye simu yako. Wewe siku zote ulibonyeza baadaye. Nilipokuuliza kwa nini, ulisema, "Hao wako ng'ambo, hawajui sisi tunaishije Masumbwe." Basi nami kila asubuhi nikawa nabonyeza baadaye. Hukuwahi kupata mke mtiifu namna hii ulipokuwa hai, na unajua.

Lakini betri ikaanza kupata joto. Si lile joto la kawaida. Nikifungua stoo napokelewa na harufu ya plastiki iliyokaa juani, na magunia ya mpunga nimeyapanga palepale ukutani, unavyojua. Nikamwita Masanja, yule fundi mliyekuwa mkipanda naye basi la zamu kwenda mgodini Bugarama. Aliweka kiganja juu ya betri, akakiondoa haraka. Akasema inajazwa umeme kupita kiasi, kosa liko kwenye programu ya zamani, na hiyo mpya ndiyo dawa yake. Ila akaniambia pia, kwa upole, kwamba baadhi ya vitu ulivyopanga wewe vinaweza kufutika.

Masanja wa watu hakujua ameniambia nini. Mashati yako kayachukua mdogo wako. Koti la mvua, baiskeli, hata kile kiti chako cha ngozi kimekwenda kwa wajomba, ndiyo mila, sikulalamika. Mkono wako ulikuwa umebaki mahali pamoja tu, ndani ya ile mashine. Kila kitu mle ulikipanga kwa kidole chako, umekaa juu ya kreti la soda, miwani imeshuka puani. Na wanataka nibonyeze kitufe niufute!

Nikamwambia Masanja nitafikiri. Nikaendelea kubonyeza baadaye, na usiku silali, nanusa. Masanja akaona hanipati, akampigia Doto. Mtoto wako alinisema, Baba Kulwa, alinisema mpaka nikakaa chini. Kisha akasema, "Mama, unataka tuje tukuzike na wewe?"

Nikabonyeza sasa. Mbele ya Masanja, nimefumba macho. Inveta ikazima taa zake zote, kile kifeni kikanyamaza, stoo nzima kimya. Niliogopa kama nilivyoogopa siku ile pale kitandani kwako, sitaki kuisema zaidi. Halafu ikapiga mlio, ikaamka. Kesho yake nilipoigusa betri ilikuwa ya uvuguvugu tu, na ile harufu imepungua. Nikashukuru Mungu, nikaenda sokoni moyo mweupe.

Jioni nimefunga kibanda, narudi zangu. Unaijua ile kona ya mashine ya kukoboa, ukiipita tu unaiona taa yetu ya nje. Nikapita kona. Giza. Tangu tufunge sola sijawahi kuikuta nyumba yetu giza, hata wiki ile ya msiba. Nilisimama barabarani na kisado changu cha kupimia mchele kichwani, nikalia, watu wanapita. Sikuona haya. Nilijua kwamba sasa umekufa.

Mama Shija wa jirani ndiye aliyenishika mkono mpaka mlangoni. Akaniuliza mbona leo nimeacha taa ya nje inawaka mchana. Nikamwambia sijaacha. Akasema iliwaka tangu saa saba, ikazimika yenyewe saa kumi, yeye alikuwa anaanika mihogo anaiona.

Hapo ndipo nikakumbuka. Mashine ilikuja na saa ya Kizungu, inayoanza kuhesabu katikati ya usiku. Wewe ukaibadilisha kwa mkono isome saa zetu, ianze moja jua linapotoka. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ungo, nakucheka. Ukasema, "Nimekuwekea wewe, uisome bila kupiga hesabu." Kisha ukaiagiza taa ya nje iwake saa moja jioni na kuzimika saa nne, nisikute giza wewe ukiwa zamu. Programu mpya haikuifuta taa yako hata kidogo. Iliirudisha saa tu, na saa moja yao ya mchana ni saa saba yetu, nne yao ni kumi yetu. Kwa hiyo taa ilifanya ulivyoiambia. Iliwaka jua likiwa utosini, ikaningoja, ikazimika saa kumi, mimi bado napima mchele sokoni.

Nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikalia tena.

Masanja alipokuja alitaka kuiandikia taa iwake saa kumi na tisa, akasema ndiyo njia sahihi, haitasumbua tena. Kumi na tisa ndiyo saa gani, Baba Kulwa? Nikamwambia hapana, nionyeshe panapobadilishwa saa. Akanionya kwamba programu nyingine ikija itairudisha tena kwenye saa ya Kizungu. Nikamwambia ije. Nikakaa juu ya kreti lako, nikairudisha mwenyewe, kwa kidole changu, mpaka ikasoma kama ulivyoiacha.

Jana nilifunga kibanda mapema. Nilipofika kwenye kona kulikuwa bado na mwanga, taa haijawaka. Sikuingia ndani. Nilikaa kwenye jiwe nje ya mashine ya kukoboa, wakaniuliza kama naumwa, nikasema nasubiri. Ilipowaka, ndipo nikainuka, nikaenda nyumbani.

Lala, baba watoto. Sitabonyeza baadaye tena, nimemwahidi Doto. Wewe nakuahidi hili: kila watakapoirudisha saa yao, nitakaa kwenye kreti niiweke yako. Najua sasa anayeiwasha ile taa ni mimi. Jana nilipofika chini yake nilisema asante hivyohivyo.

Mkeo,
Mama Kulwa