Wimbo wa Kufunga Duka

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kuwa hujambo na mgongo umekupa nafuu. Mimi ni mzima, isipokuwa vidole vinne vya mkono wa kushoto, na hivyo ndivyo vimenifanya nishike kalamu.

Nimenunua gitaa. Usicheke. Ni kuukuu, lina mkwaruzo kifuani, nimelipata kwa muuza vyombo vilivyotumika karibu na stendi. Tangu nimefika huku kazi yangu ni ile ile, kupiga pasi mashuka ya hoteli kwenye mashine inayofuka mvuke kutwa, na jioni ikifika masikio yangu yanatafuta ule wimbo wako wa kufunga duka. Unakumbuka ulivyokuwa ukiupiga kila siku ukishafunika saa za watu, mtaa mzima ukajua kumekuchwa? Naukumbuka wote, Baba, lakini kwa kichwa tu. Haujarekodiwa popote na hakuna mwingine anayeujua.

Uliniambia daktari kasema sikio la kulia limekwisha kufa na la kushoto litafika mwisho wa mwaka, likijitahidi. Mimi nataka siku moja nikae pale mlangoni nikupigie wimbo wako mwenyewe, na wewe uusikie. Hicho tu ndicho ninachotaka. Najua simu kwako ni nyuki ndani ya kopo, basi nifundishe kwa barua.

Nisalimie jirani yako fundi viatu. Nimekukumbuka mpaka naona aibu kusema.

Ni mimi, kitindamimba wako.


27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata na nimecheka mpaka fundi viatu akaja kuchungulia dirishani, akidhani fundi saa wa watu amerukwa na akili. Mgongo wangu haujambo. Wewe je, unakula? Ulivyoondoka ulikuwa mwembamba kama mshale wa dakika.

Kufundisha gitaa kwa barua sijapata kusikia, lakini hata kuogelea watu wanafundishwa nchi kavu. Nimekuchorea. Mistari sita ni nyuzi sita, ile inayokatiza ni vyuma vya shingoni, na vitone ni mahali pa kuweka kidole, kila kimoja kimeandikwa namba ya kidole. Wimbo wenyewe una vipande vitatu. Anza na hiki cha kwanza, ukishakipata nitakuletea vingine.

Shika na hili. Robo saa kwa siku, basi. Ukilichukia liweke chini, na ukilipenda pia liweke chini kabla hujashiba. Skrubu ya saa ukiilazimisha inaruka, na ikisharuka utaitafuta kwa magoti siku nzima.

Sikio lipo, linajikongoja. Kazi naendelea nayo, saa naishika kwa meno nijue kama inatembea. Wateja wanadhani ni utaalamu.

Ni mimi baba yako.


2 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Za huko? Huku sote wazima, ila mimi nina hasira, na nitakuambia kama zilivyo.

Ule mchoro nimeushika neno kwa neno. Namba ya kidole, chuma cha ngapi, yote. Mapigo yanatoka sawasawa, hata mguu wangu unayajua, lakini wimbo hautoki. Kinachotoka ni kitu kingine kabisa. Mwenzangu wa chumba, yule tunayemwita Redio kwa kuwa hanyamazi, amesema wimbo wangu una homa. Nimehamia chumba cha kukaushia. Jumapili asubuhi hakuna mtu, najikunyata katikati ya mashuka yaliyoanikwa na huko nagombana na gitaa peke yangu.

Halafu vidole. Watu wanasema vitaota sugu. Vitaotaje, na mimi kutwa niko kwenye maji moto na mvuke? Vinalainika kama vya mtoto, na jioni uzi unavikata upya. Robo saa yako imekuwa saa mbili. Siwezi kuliweka chini, Baba. Kila nikiliweka chini nahesabu miezi ya sikio lako.

Nilidhani kujifunza kutaniletea furaha. Wiki mbili sasa naliangalia pale ukutani kama mkwe asiyenipenda. Niambie ukweli, mimi ni kichwa kigumu, au nini? Lete hata hivyo kipande cha pili na cha tatu.

Kitindamimba wako.


25 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na pole kwa vidole. Paka mafuta ukilala, si kabla ya kupiga.

Sitakuambia haraka haraka haina baraka, hiyo umeisikia tangu tumboni. Nitakuambia yangu. Mimi nilijifunza kwa gitaa la mpiga gitaa mmoja wa harusi, ambaye alikuwa akiniachia nilibebe, si nilipige. Alipokwenda kula ndipo nilipogusa. Mwaka mzima sikutoa kitu cha maana, na usiniulize kwa nini sikuacha. Kulikuwa na siku moja katika kumi uzi mmoja ukilia vizuri, nami nikarudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyeposa.

Kichwa chako si kigumu. Fuata mchoro, wimbo utakuja wenyewe. Vipande viwili vilivyobaki hivi hapa. Ila nakuongezea sharti: dakika tano za mwisho weka mchoro kando. Cheza nalo tu, ovyo, kama mtoto na sufuria. Mtu akila dawa tupu bila chakula tumbo litamkataa.

Sikio halina neno. Usihesabu miezi.

Baba yako.


9 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi sijambo wa mwili.

Jana uzi ulikatika nikampelekea yule muuza vyombo. Michoro yako ilikuwa ndani ya mfuko, akaitazama, akaniuliza, "Dada, mwalimu wako ni mashoto?" Nikamwambia ndiyo, hata kijiko anashika kwa shoto. Akacheka mpaka akakaa. Kumbe, Baba, gitaa lako umeligeuza kichwa chini miguu juu bila kubadili nyuzi. Uzi mnene ambao kwa watu wote uko upande wa kidevu, kwako uko upande wa goti. Na wewe ukachora vile unavyouona ukiinama. Mimi tangu nizaliwe nakuona ukilishika hivyo, nikajua ndivyo gitaa linavyoshikwa kwa mashoto, basi. Michoro yote mitatu ni ya kugeuzwa. Karibu miezi mitatu nimetoa damu kwa wimbo usiokuwepo.

Kukosea si neno, kila mtu hukosea. Kinachoniuma ni kwamba nilikuandikia kuwa hautoki, ukanijibu nifuate mchoro. Ungelishika gitaa lako dakika moja, ukalipakata upande wa kulia, ukapiga ulichonichorea, ungesikia mwenyewe. Hukujali hata kusikiliza?

Nimemwambia msimamizi nataka kuvunja mkataba wa kazi. Nikija mwezi wa nane sikio lako bado litakuwepo. Hata kama nitaupiga kwa kubabaika, utausikia.

Binti yako.


1 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini mzima. Usivunje mkataba.

Umeniuliza kama sikujali hata kusikiliza. Nimekaa na swali hilo siku tatu, na sioni njia ya kulizunguka. Sikio la kushoto lilikufa wiki ile ile barua yako ya kwanza ya gitaa ilipofika. Niliamka nikaona fundi viatu anapiga nyundo na nyundo haina sauti. Siku mbili baadaye nikaletewa barua yako, unataka nikusikie. Ningekujibu nini?

Nilichukua gitaa, nikalipakata kama kawaida, nikaacha vidole vifanye kazi yao, nami nikawa nachungulia vinakwenda wapi na kuchora. Kitone kwa kitone. Vidole vinaujua wimbo, ila mimi siwezi tena kujua kama vimekosea au vimepatia. Ungekuwa mbele yangu zamani zile ningesikia noti ya kwanza nikakuambia ngoja, umeshika juu chini. Miaka arobaini nimelishika hivyo, nikasahau kuwa mimi ndiye niliyeligeuza. Uliponiandikia hautoki, niliogopa. Nikaona nikianza kukuuliza unasikikaje, utajua.

Sikutaka uache. Ulikuwa umeandika barua ndefu kuliko zote tangu uondoke, nayo yote ilikuwa ya gitaa. Nikajiambia, mwache ajifunze, akifika mwisho nitamwambia. Ndiyo uongo wangu wote huo. Nisamehe. Usije mbio kwa ajili ya sikio, maana hakuna sikio.

Baba yako.


20 Agosti

Mwanangu,

Natumaini uko salama. Sijaona barua yako. Labda imekwama njiani. Mgongo haujambo, biashara iko polepole, watu siku hizi saa wanaangalia kwenye simu.

Kama umekasirika, andika matusi, nitayasoma yote. Ukikaa kimya ndiyo siwezi.

Baba yako.


12 Oktoba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Barua zako zote mbili nilizipata. Nilikuwa na hasira, nazo hasira zikaisha, chini yake nikakuta kilio, nacho kikachukua muda wake. Nilikuwa nikijifunza ili unisikie. Ukaniambia hakuna wa kunisikia. Nililisukuma gitaa chini ya kitanda, na mkataba nikauacha ulivyo.

Wiki iliyopita tulikuwa kwenye meza ya kukunja mashuka, Redio huku na mimi huku. Akawa anaimba kwa pua. Nikamwuliza, huo wimbo umeutoa wapi? Akanitazama kama mjinga. "Si huo wako wenye homa? Umeacha kuupiga, sasa nafanyaje?" Baba, alikuwa akiimba makosa yako. Kipande cha kwanza chote, kichwa chini miguu juu, na hakukosea hata pumzi. Nikacheka mpaka shuka likaanguka, msimamizi akanikaripia. Nilikuwa sijacheka tangu Juni.

Jumapili nikalitoa. Nimegeuza michoro yako, na wimbo wa kufunga duka umetoka. Nilipofika pale unapochelewa kidogo, kabla ya kipande cha pili, niliacha kwa sababu sikuona nyuzi. Machozi. Nikaanza tena. Naomba nikuambie wimbo ulivyosikika, maana wewe ndiye wa kuambiwa. Mwanzo ulikuwa mkavu, kama mtu anayesoma jina lake kwa kusita. Katikati ukawa wako kabisa, nikasikia hata harufu ya mafuta ya saa, kama harufu inasikika kwa masikio. Mwishoni nilikosa uzi mmoja nikacheka, na sikurudi kuusahihisha.

Halafu zile dakika tano zako za ovyo. Nazipigia ule mwingine, wenye homa. Hakuna aliyewahi kuupiga duniani ila mimi, na nauona mzuri, ingawa sijui kwa nini. Vidole bado vinauma. Nalichukia Jumatano, nalipenda Jumapili, na siku za katikati nalivumilia.

Natamani ungelikuwa karibu. Si kwa kunisikia. Karibu tu.

Ni mimi, kitindamimba wako.


15 Novemba

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, marahaba tena. Barua yako imekunjika kwa kusomwa. Nimeisoma mara nne, na mara zote nne umekosa uzi ule ule wa mwishoni, basi ujue hapo ndipo pa kufanyia mazoezi.

Ule wa homa nikaona na mimi niupate. Michoro ni ya mkono wangu mwenyewe na nakala nilibaki nazo, hivyo nimelipakata gitaa upande wa kulia kama watu, nikaanza kuifuata vile ulivyoifuata wewe. Sasa ndiyo nimejua nilikupa mateso gani. Mkono wangu wa shoto, ambao miaka yote ulikuwa bwana, umekuwa kibarua wa kubonyeza nyuzi. Kwenye kiwiko misuli ilinikaza, na ncha za vidole zimepasuka kama zako. Siku mbili nimelirushia gitaa maneno ambayo mama yako asingeyaruhusu ndani ya nyumba. Siku ya tatu nilisikia mbao zinatetemeka vizuri kifuani kwangu, nikasahau kula.

Jana fundi viatu alisimama mlangoni muda mrefu. Siku hizi akitaka kusema nami anaandika kwa chaki juu ya soli. Akaandika, "Ndani kuna mwanafunzi. Ni nani?" Nikamwambia ni mimi. Akafuta, akaandika, "Anakufundisha nani?" Nikamwambia kitindamimba wangu. Akafikiri, akaandika tena, "Mwambie aje haraka."

Nilikuandikia usije kwa ajili ya sikio, na neno hilo silirudishi. Mkataba wako unaisha mwezi wa tatu. Kipande cha kwanza na cha pili nimevipata. Cha tatu kimenishinda, na sitaki unieleze kwa barua. Nitakingoja.

Ni mimi baba yako.