Mkono wa Kulia Haupandi

Jumanne, 1954

Bega bado linawaka moto. Mwandiko huu hata mimi sitausoma kesho.

Leo jioni, tukitoka kupakua mbao za Elburgon, askari wa msako wa hali ya hatari walitusimamisha langoni, hapa landi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. "Mikono juu!" Wa kushoto ulipanda. Wa kulia ulifika usawa wa sikio ukakwama, na maumivu yakanichoma hadi shingoni.

"Wewe! Nimesema juu!" Nikasikia bunduki ikikokiwa.

Wekesa, ninayebeba mbao naye, hakuthubutu kushusha mikono yake. Alisema polepole, "Afande, huyu bega lake limekufa. Muulize dresa, yule mfunga vidonda wa hospitali." Askari akanitazama, akanitazama, kisha akanisukuma nipite.

Dresa alikwisha kuniambia mfupa ni mzima, ni misuli iliyosahau kazi. Kila siku nisimame mbele ya ukuta, nipandishe vidole kama buibui, nichore alama ya mkaa pale vinapokomea. Na mimi mjinga! Bega likipoa kidogo tu naacha, naona aibu kucheza na ukuta kama mtoto. Wiki nzima sikuugusa. Ndipo likaganda tena.

Mke wangu, Mama Ayub, nimemwambia nimechoka tu.

Kesho lango ni lile lile, na Wekesa ameandikwa zamu nyingine.

Nimepandisha vidole sasa hivi, meno yameuma kola ya shati. Alama mpya imeipita ya zamani kwa upana wa kidole kimoja. Bado haijafika usawa wa utosi wangu.