Hisa za Baba Siku ya Arobaini

Mwanga, Kigoma
3 Juni 2024

Mdogo wangu Martini,

Habari za huko Dodoma, wewe na wifi? Sisi tunaamka, mama anakula kidogo. Simu yangu usiipigie. Kaka Castory aliibamiza ukutani Jumamosi, kisha akanigeukia mimi, ndiyo maana nakuandikia barua pepe kutoka duka la steshenari.

Anachotaka unakijua: hisa za baba ziuzwe anunue injini ya boti kule Kibirizi. Nimemwambia asubiri arobaini, tarehe 15. Mimi ndiye nitakayesimama kusoma mali, kwa kuwa baba alinikabidhi kompyuta yake. Na unajua ukoo wetu, kikishasomwa siku hiyo hakisomwi tena.

Sasa ile programu ya hesabu uliyomwekea baba imegoma. Bei za hisa hazijaingia tangu alipolazwa. Inaonyesha bado shilingi 960, yaani hisa zake 7,400 ni milioni saba na laki moja, kama alivyokuwa akitutajia mwenyewe. Dalali ananitumia faili la bei kila Ijumaa, nikiliingiza linakataa. Nimekuambatishia la mwisho. Castory anasema nachelewesha makusudi. Nijibu mapema, jino moja tayari linacheza.

Dada yako,
Winfrida


Dodoma
11 Juni 2024

Dada Winfrida, shikamoo.

Pole sana, na umpe pole mama. Sisi wazima. Nisamehe kuchelewa, ofisini tunafunga mwaka wa fedha wa serikali na hatupumui.

Tatizo nimeliona. Dalali amebadilisha mpangilio wa tarehe, ameanza na mwezi, na programu inataka siku kwanza. Fungua faili, zigeuze tarehe, lihifadhi, uliingize upya. Usihangaike kukagua bei moja moja. Ukiona maandishi ya kijani yanasema imekamilika, zimeingia. Siku yenyewe soma jumla iliyo chini, ukae.

Kaka ni mtu wa kelele tu. Akisikia kiasi chenyewe atatulia.

Mdogo wako,
Martini


Bangwe, Kigoma
24 Juni 2024

Martini,

Marahaba. Nimepata nafuu kiasi cha kuandika, kwa mkono wa kushoto, kwa kompyuta ya jirani yetu Scola. Mama mzima, ila sikio moja halisikii.

Yale maandishi ya kijani yalitokea. Niliyafurahia, mjinga mimi. Watu walikaa uani, Baba Mdogo Wilfred akafungua kikao, akaniambia, "Simama mwanangu, soma alichoacha marehemu." Nikasoma nyumba, shamba, mitumbwi miwili. Nikafika kwenye hisa, nikasoma jumla iliyo chini kama ulivyoniagiza. Shilingi elfu saba na mia nne.

Nilisikia mwenyewe ninachosema, na mdomo ulikuwa umeshakisema. Nikaomba nirudie, Baba Mdogo akanijibu kwamba kimesomwa. Castory akauliza milioni saba zimeenda wapi. Nikasema mashine imekosea. Akasema, "Mashine ndiyo imevaa kitenge kipya?" Watu wakacheka, Martini. Walikuwa bado wanacheka alipochukua kafi lililoegemezwa ukutani.

La kwanza lilinipata begani. La pili nilikinga kwa mkono wa kulia, ukavunjika, nikausikia. Nikaanguka, akaendelea kunipiga mgongoni na miguuni huku akihesabu, milioni ya kwanza, milioni ya pili. Alifika ya tano ndipo mama akanilalia juu, na ya sita ikampata yeye sikioni. Wanaume kumi na moja walikuwa pale. Nimewahesabu mara nyingi hapa kitandani.

Castory yuko mahabusu. Baba Mdogo anakuja kila siku na maziwa, anataka nifute kesi. Sifuti. Naogopa akitoka ataniua, na sitanii. Wewe nitafutie kosa la hiyo programu. Kingine usifanye.

Winfrida


Dodoma
26 Juni 2024

Dada yangu, shikamoo.

Sijalala tangu nisome barua yako. Kosa ni langu. Zamani bei ilikuwa chini ya elfu, haikuwa na koma. Sasa imepanda hadi 1,180, na dalali anaiandika na koma. Programu inatumia koma kutenganisha safu, kwa hiyo ikaichukua moja kuwa bei, ile 180 ikaitupia safu ya pili, na haikulalamika. Nilitazama tarehe tu. Futa koma kwenye faili, liingize tena, itakuja sawa.

Baba Mdogo amenipigia mara nne. Amesema ukoo unavunjika. Nimemwandikia barua ya kueleza kwamba hukuiba, kosa lilikuwa la programu na langu, na kwamba kaka alipotoshwa na hesabu isiyo sahihi. Sikulitetea kafi, dada. Nimeieleza koma tu. Nadhani itakusafisha wewe na kuwapoza wote.

Mdogo wako,
Martini


Bangwe, Kigoma
8 Julai 2024

Martini,

Nilifuta koma. Jumla ni milioni nane, laki saba na elfu thelathini na mbili. Iko sawa.

Castory aliachiwa Alhamisi. Baba Mdogo alipeleka barua yako polisi, akasema ni jambo la kifamilia lililotokana na kompyuta, na hata mdogo wao msomi amekiri. Ijumaa mchana Castory akaja nayo mkononi. Akamsomea mama, neno kwa neno, pale ulipoandika kwamba alipotoshwa. Akataka kompyuta. Nilimpa, nikamwonyesha na hesabu mpya, nikidhani nayo itatupoza. Akasema, "Kumbe mlificha milioni nane." Akanikamata mkono huu uliovunjika, akaukunja.

Mama alikuwa anatwanga kisamvu. Alikuja na mchi, akampiga kisogoni. Castory akaanguka, mama hakuacha. Nilimwita, lakini nilikuwa upande wa sikio bovu. Sijui kama angeacha.

Tumemzika jana. Mama yuko mahabusu, hataki kula, anauliza kama mkono wangu umeungwa vizuri. Wale wanaume kumi na moja wote wameshaandika maelezo dhidi yake.

Wewe unajua kuandika barua za kumtoa mtu polisi. Basi kaa chini, umwandikie na mama.

Dada yako,
Winfrida