Meli Iliyokataa Kuondoka

Baba,

Tangu tukuzike hapa Ihanda imepita miezi minne. Kahawa imechumwa, paa la jiko limebadilishwa. Mama hajambo, ila bado anapakua sahani yako, kisha anaurudisha ugali sufuriani.

Nakuandikia kwa sababu ya mgeni. Wiki iliyopita alikuja mzee kutoka Mbebe, Mzee Ambakisye, akasema mlifanya kazi naye chumba cha injini, kwenye ile meli ya mizigo, wakati wa vita vya Kagera. Sisi tulijua machache: kwamba ilikuwa ikibeba pamba na saruji Ziwa Viktoria, jeshi likaichukua, ikapakwa rangi ya kijivu, ikabeba unga, risasi na malori. Na kwamba ulifukuzwa. Baba Mdogo alizoea kusema, hata mbele yako, "Jeshi halifukuzi mtu bure." Wewe uliendelea kula.

Mzee alitueleza Baba Mdogo akiwepo. Mlikuwa mmeshapakua mzigo kwenye bandari ndogo. Ikaja amri mng'oe nanga upesi, ndege za adui zimeonekana. Gatini kulikuwa na wanawake na watoto waliokimbia vijiji vyao. Ukamwambia nahodha, "Injini imegoma, mkuu." Ikagoma mpaka wa mwisho wao alipopanda melini.

"Injini ilikuwa nzima," alisema mzee. "Tuliizima sisi wawili. Baba yenu alipoulizwa, akajibu ni yeye peke yake. Mimi akaniambia nifunge mdomo, maana mke wangu ana mimba."

Mzee akabaki kazini hadi kustaafu. Meli nayo ilirudi kubeba kahawa na ndizi, ikazeeka, ikakatwa ikauzwa vyuma chakavu. Miaka yote hiyo aliona aibu kuja kwako.

Mama hakulia. Aliuliza tu watoto walikuwa wangapi. "Hatukuhesabu, mama," akajibiwa. Baba Mdogo alitoka nje, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alisema, "Nilimkosea kaka."

Na mimi, Baba. Sikuwahi kusema neno, lakini nilimwamini yeye. Nilidhani uliiba.

Pumzika. Jumapili baada ya ibada Baba Mdogo atasimama kanisani ayaseme haya mbele ya watu, ameomba mwenyewe. Akishindwa, nitasimama mimi.

Mwanao,
Eliza