Kasri la Afande

Jumatatu, 3 Februari

Afande kaweka kibao getini. Shaba inayong'aa, herufi nzito: KASRI LA AMANI. Amani! Kwenye nyumba ambayo watu hata chumvi hawapitishiani.

Tangu Afande, kaka yetu mkubwa, astaafu uaskari magereza akahamia ghorofani na mkewe, kila kitu ni amri. Geti lifungwe jua likizama. Viatu vipangwe mstari. Na karakana ya mdogo wetu, Fundi, iondoke uani, eti inachafua. Fundi amechomelea vyuma uani hapo tangu baba yu hai. Ndiye aliyemuuguza baba mpaka mwisho. Aende wapi?

Mtaani wanaiita Ngome, kwa ajili ya kuta nene za mawe na kile kimnara ambacho baba alikijenga kuwekea tanki la maji. Ngome haikumtosha Afande. Yeye anataka kasri.

Fundi alikisoma kibao kwa sauti, akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema kasri huwa na sultani, hili lina nyapara tu.

Kofi. Sikuliona, nililisikia tu. Nilikuwa juu namgeuza mama kitandani. Nashuka, Fundi anatema damu na jino limo humo humo. Nikamsafisha kwa maji ya chumvi. Muuguzi wa zahanati, kazi imenifuata nyumbani.

Jumanne, 4 Februari

Kibao hakipo. Geti zima limeandikwa GEREZA, kwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Herufi ndefu kunishinda mimi.

Ningecheka. Lakini nilimwona Afande akilisoma. Shingo ilimvimba. Neno hilo alilivaa ujana wake wote, akalivua pamoja na sare — leo linamsubiri mlangoni kwake. Akaenda uani, akaokota nyundo ya Fundi, akaivunja mashine ya kuchomelea. Polepole, kama mtu anayepasua kuni.

Fundi alimrukia mgongoni. Wakaangukia vyuma chakavu. Afande akamkaba koo mdogo wake mpaka macho yakamtoka pima. Nilivuta, nilipiga, hakuachia. Nikamng'ata mkono. Ndiyo, mimi! Nimemng'ata kaka yangu wa tumbo moja mpaka nikaonja damu.

Wifi kasimama ngazini, anapiga yowe kwamba tunamuulia mume ndani ya ikulu yake. Ikulu tena! Kila mtu na neno lake.

Mama aliniuliza kinachogonga ni nini. Tangu apooze, mdomo umekwenda upande na maneno humtoka nusu nusu. Nikasema Fundi ana kazi nyingi leo.

Jumatano, 5 Februari

Afande kambwaga Fundi nje. Godoro, nguo, hata mswaki, vyote barabarani. Kufuli mpya getini, ufunguo shingoni mwake.

Fundi akapanda ukuta. Vile vigae vya chupa huko juu vikamchana viganja, hakujali. Alipotia mguu wa pili ndani, wifi akammwagia sufuria ya maji ya moto kutoka roshani. Sijawahi kusikia mwanamume mzima akilia vile. Akaanguka upande wa barabarani.

Nilimwomba Afande anifungulie nikamtibu. Akafungua, akaniangalia kama mahabusu anayetoka kwa dhamana. Zahanati nikamfunga Fundi bega na shingo; ngozi ilikuwa inatoka na shati.

"Dada, ngome si huwa ya kuzuia maadui?"

Nikasema ndiyo.

"Basi adui nimeshajua ni nani."

Nikamwambia akalale kwa rafiki yake, mambo yatapoa. Mkono wake usioungua ulikuwa unafunga ngumi na kufungua, unafunga na kufungua.

Jirani kanisimamisha njiani nikirudi. Nikadhani atanipa pole. Kumbe ana methali: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Kwake hata jembe hakuna! Kiti amekitoa barazani, anatazama.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeamshwa na mwanga wa bluu ukicheza ukutani. Nikadhani radi.

Ni Fundi. Kaazima mashine, analichomelea geti kwa nje! Juu, katikati, chini. Anapiga kelele: "Si ulitaka husuni, ngome isiyoingilika? Haya, kaa nayo!"

Afande kapanda kwenye mnara wa tanki na kuanza kumrushia matofali. La kwanza likapasuka barabarani. La pili likamponda Fundi mguu. Nilisikia mfupa. Akapiga magoti akaendelea kuchomelea, huku anamtukana kaka yake matusi ambayo ni ya mama yetu sote.

Nyumba hii ina mlango mmoja wa kutokea, ndio huo. Baba aliogopa sana wezi.

Nikapiga simu polisi. Eti nije kituoni nitoe taarifa. Nikasema geti limechomelewa, nije vipi? Eti basi nije likishafunguliwa.

Ijumaa, 7 Februari

Mama hapumui vizuri. Homa, kifua kinakoroma, kucha zinaanza kuwa bluu. Dawa niliyo nayo haifiki huko. Anahitaji hospitali, sasa hivi, si kesho.

Nimetoka roshani nikamwita Fundi. Amekuja anachechemea, mguu kaufunga kwa vipande vya mbao. Nikamwambia: mama anakufa, kata! Rangi ikamtoka. Akaleta grenda na kuanza hapo hapo, cheche zinaruka mpaka uani.

Afande kashuka na panga.

"Anakata aje kuniua. Hujaona nondo kiunoni mwake?"

Nimeiona. Nilitamani nisingeiona.

Nimemwambia ni mama. Kasema mama atatoka, lakini huyo haingii. Nimemwambia mlango ni mmoja, kaka! Kashika panga kwa mikono miwili, kasimama nyuma ya geti.

Nikarudi juu. Sikuwa na la kufanya ila kumbeba mama na godoro lake. Aliyeshika upande wa miguu ni wifi. Hakuniangalia, alilia tu ngazi nzima. Tukaliweka godoro chini uani, kati ya Afande na geti. Huwezi kulifikia geti ila umruke mama.

Diski ya grenda imevunjika. Fundi kaenda kutafuta nyingine. Naandika kwa sababu mikono yangu, nikiiacha, itafanya nisichokijua.

Mama kafumbua macho. Kamwona Afande juu yake, na panga. Kaunyoosha mkono wake mzima, ule mmoja, kaushika mguu wa suruali ya Afande. Anavuta pumzi kwa shida na ameshika. Afande hajautoa ule mkono. Panga nalo hajaliweka chini. Jasho linamdondokea mama usoni, nami nalifuta.

Grenda imewaka tena. Bado kiungo cha chini tu, geti lifunguke.