Usikubali Kukanyagwa Mgongo

Mume wangu Idi,

Salamu zako zimefika. Huku Kibaigwa wote wazima, mama yako kanenepa, na mimi nauza chapati na bado mrembo. Ila barua yako imenichefua! Mgongo unauma wiki sita, usiku ndo unazidi, mguu unakufa ganzi, halafu fundi mwenzako anataka akukanyage mgongo upone? Mwambie akakanyage udongo wa matofali!

Kaka yangu Shabani alikuwa anabeba magunia hapa sokoni. Mgongo ulimwanza hivyohivyo, na ganzi hiyohiyo mguuni. Wabebaji kila maumivu wanasingizia gunia, na dawa yao ni kukanyagwa. Aliyemkanyaga ni mimi. Nampanda, namtania, "Nani mzito, mimi au mahindi?" Anacheka huku machozi yanamtoka. Mpaka siku mkojo ukakataa kutoka na miguu ikagoma.

Hospitali wakamgonga magoti kwa kinyundo kupima mishipa, wakamlaza ndani ya mtambo mkubwa wa picha. Kumbe uvimbe umeota ndani ya uti wa mgongo, unabana mishipa ya fahamu. Wakampasua, wakautoa, wakaupima, haukuwa saratani. Akafanyishwa mazoezi miezi mingi, lakini mguu mmoja haukurudi kuwa na nguvu.

"Mngemleta ganzi ilipoanza, mguu ungepona," daktari akasema.

Shabani mwenyewe hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndo linaniudhi zaidi.

Migongo mingi ni uchovu tu, sikutishi. Lakini wewe una ganzi! Nenda hospitali kubwa leo, na umwambie daktari habari ya mguu kwanza. Usipoenda, napanda basi nije nikuburute mbele ya mafundi wenzako.

Mkeo asiyetaka ujane,
Bibi