Injini za Kazungu Hazikuwa na Kosa

Alhamisi, Changamwe. Manyunyu asubuhi, kisha joto la kunata. Nimelia chooni pale gereji, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Kosa lilikuwa langu. Naliandika mwanzo nisije nikajipamba.

Kazi yangu ni kupima nguvu za injini. Gari linapandishwa juu ya rola, vyuma vya mashine vinavyozungushwa na magurudumu, nalifunga mikanda lisichomoke, fundi aliyelitengeneza anakaa kwenye usukani na kukanyaga mafuta, nami nasoma kompyuta. Kazungu alikuwa fundi wetu. Alikuwa pia mchumba wangu. Wazee wake walikuwa waje kwetu Kaloleni mwezi ujao.

Majuma kadhaa kila injini yake ilisoma chini. Za wenzake, sawa. Akaniapia: "Haki ya Mungu, injini ni nzima. Kagua mashine yako." Nikamjibu mbele ya watu, "Mashine haina mchumba." Wakacheka. Mzee Salim, mwenye gereji, akamwachisha kazi, naye akaondoka bila kuniaga.

Leo mteja mmoja wa Kazungu amekuja kusifu pikapu yake, inapanda mlima bila tabu. Kwangu ilikuwa imesoma chini. Nikaipandisha kwenye rola, mteja mwenyewe akakaa kwenye usukani. Nikapima upepo wa magurudumu, nikabadili waya, nikahakiki mizani ya mashine. Yote sawa, na nguvu ikasoma vizuri.

Mzee Salim alikuwa akinitazama. "Mbona leo mikanda hukuikaza, mwanangu? Akikaa Kazungu wewe wakaza hadi magurudumu yabonyea."

Nikakaza vile. Nguvu ikashuka. Nikalegeza, ikapanda.

Mikanda ikizidi kubana, magurudumu hugandamizwa kwenye rola na nguvu hupotelea hapo. Nilifunzwa chuoni. Lakini nilishaona gari likichomoka likagonga ukuta, na kila Kazungu alipokaa kwenye usukani niliogopa. Mkono ulikaza wenyewe. Kwa wengine sikuogopa hivyo, Mungu anisamehe.

Mzee Salim amempigia simu Kazungu, amemwomba radhi, amemrudisha kazini. Nami nikampigia. Nikamweleza yote, hata hofu yangu.

"Nimekusamehe," akasema. "Jumatatu naja kazini. Ila wazee nimewaambia wasije kwenu."

Heri angenitukana.

Jumatatu ataniuliza habari za asubuhi, kama anavyomuuliza kila mtu pale. Nitaipata wapi sauti ya kumjibu, "Nzuri"?